Ua la Mchongea

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata! Chama chetu cha waandishi kinatunga nchi isiyokuwepo, na wiki hii kila mmoja analeta mmea wake. Utakaoshinda utachorwa kwenye jalada la kitabu. Mto wangu walishaukataa, eti ulipanda mlima. Ndege wangu wakamkataa kwa kukosa miguu. Safari hii hawanipati. Mmea wangu nimeuita mchongea. Una ua la zambarau, petali saba, na huchanua mtu akisema uongo karibu yake. Nimejipongeza kwa vikombe viwili vya chai.

Jumanne, 5 Machi
Mfamasia, mwanachama mwenzangu, kaja dukani kuleta suruali niipunguze. Akaniuliza, eti kwa wema, kama mmea wangu una mizizi. Wa kwake unatibu huzuni, na ameuandikia kurasa kumi na moja. Kumi na moja! Nikamjibu kwamba wangu hauhitaji maelezo, watu watauona kwa macho yao ukichanua. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Suruali nimeibana kiuno kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshona ua la kitambaa. Likatoka kabichi. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akafumua petali zote na kuzishona upya. Limependeza jamani! Mimi nikatia waya na uzi mweusi. Nikivuta, linachanua, nikiachia, linajifunga. Uzi nitaufunga kwenye kifungo cha mkono wa shati. Mfamasia akianza kusoma, navuta taratibu. Aumbuke! Mke wangu anasema ua lenyewe ni zuri, hila za nini. Hajui siasa za chama, maskini.

Alhamisi, 7 Machi
Kikaoni nilianza mimi, ua likiwa mezani mbele yangu. Nikainua mkono kuwasalimu, nikasema nimefurahi kuwaona wote, hasa Mfamasia. Likachanua. Nikasema wazo hili ninalo tangu utotoni, huku najikuna shingo. Likachanua tena. Mimi ni mtu wa kuongea kwa mikono, nifanyeje? Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyecheka hata harusini, akauliza petali kazishona nani. Nikajipiga kifua: mimi mwenyewe! Likachanua mpaka petali ya mwisho.

Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Mfamasia alicheka hadi kifungo cha suruali kikaruka. Ikabidi nikiri. Na ua langu limeshinda! Jaladani wataandika limeshonwa na mke wangu, limebuniwa nami. Jina lake limetangulia.

Ijumaa, 8 Machi
Nina furaha, sifichi. Mke wangu anamsimulia kila mteja anayeingia. Kifungo cha Mfamasia nimekirudishia bure, na kiuno nimekiachia. Nimejifunza. Mwezi ujao ni zamu ya wanyama, na wa kwangu nitampeleka kwa maandishi tu. Hila basi! Nimeyapigia mstari maneno hayo kwa kuvuta mkono mara moja kwa nguvu.

Ua likachanua hapa mezani. Kumbe shati ni lile lile, na uzi bado uko kwenye kifungo.

Mwezi ujao navaa fulana.