Mlango Mpana wa Aldermere

Jumatatu, 30 Oktoba 2023
Siku mbili zimebaki kutuma maombi ya chuo. Chuo cha Aldermere! Agosti tulisafiri na Mama saa kumi na sita kwa gari kutoka hapa Sheboygan. Nikasimama chini ya mnara wao wa kengele, soseji mkononi, nikashindwa kuila. Mimi, Thad Wojcik, nimewahi kunyamaza mara moja tu maishani: pale. Sweta yao nikainunua siku ileile. Mama akasema ningoje nikubaliwe kwanza. Kungoja!

Hesabu ni hii. Wanaoomba dirisha la mapema, la Novemba, watatu katika kumi huingia. Dirisha la kawaida, la Januari, mmoja katika kumi, na huyo labda ana mjomba ndani. Chuo kilekile, ila mlango wa asubuhi ni mpana. Ajabu kabisa.

Kikwazo: Ingrid Solheim. Jirani yetu, wa kwanza darasani tangu tuko watoto, naye anaitaka Aldermere. Leo nimempelekea jibini ya kukaanga, nikamshauri kama ndugu asubiri dirisha la kawaida. Akasema alishaamua hivyo zamani. Dirisha la mapema unaapa kwenda kabla hujalinganisha nani atakusaidia ada, na mama yake anataka majibu ya vyuo vinne mezani ndipo aseme ndiyo. Jibini akaila yote.

Jumanne, 31 Oktoba
Wazo limenijia bafuni! Ikiwa dirisha moja la mapema ni zuri, mawili je? Nimejaza la Aldermere na la chuo kingine, Pemberwick. Kila fomu ina kiapo: nikikubaliwa nitakwenda, na maombi mengine yote nitayafuta. Mimi nasaini, mzazi anasaini, mshauri wa shule anasaini. Mama nimempa zote mbili akiwa mlangoni anawagawia pipi watoto waliovaa kama mizuka, desturi yetu ya kila tarehe hii. Kasainia mgongoni kwa mzuka mmoja. Hakusoma hata mstari.

Jumatano, 1 Novemba
Bi Gundersen, mshauri wa shule, anasoma. Nani angedhani? Wanafunzi mia nne, na anasoma kila karatasi! Kaziweka fomu zangu sambamba, akavua miwani.

“Thad, mwanangu. Umeposa mabinti wawili, harusi siku moja.”

Nikasema nilidhani atakayejibu kwanza ndiye wangu. Akasema vyuo vikigundua vyote viwili vitanitupa, na shule yetu haitaaminiwa tena. Nichague kabla ya chakula cha mchana. Nimechagua Aldermere. Bila shaka.

Ijumaa, 15 Desemba
Majibu yametoka saa moja jioni. Nilikuwa ndani ya sweta tangu asubuhi. Sikukubaliwa. Sikukataliwa pia! Maombi yangu wameyasogeza dirisha la kawaida, yatasomwa upya, jibu Machi. Nimeisoma barua mara kumi na moja. Wamenifungia mlango na kuuacha wazi kwa sentensi moja. Watu wa namna gani hawa! Heshima yangu kwao imezidi. Baadaye nikalia kidogo, Mama asione.

Kiapo kimekufa, anasema Bi Gundersen. Niko huru. Yaani niko foleni moja na Ingrid.

Alhamisi, 4 Januari 2024
Pemberwick wana dirisha la mapema la PILI! Kiapo kilekile, jibu Februari. Bi Gundersen kanisihi nitulie. Kasema barua niliyowaandikia Aldermere baada ya jibu lao, kuwasimulia ile siku ya mnara na soseji, ndiyo kitu cha kwanza nilichoandika bila ujanja, na huenda ikanifikisha. Akauliza kama Pemberwick naipenda. Nikasema napenda kukubaliwa. Akasaini akitikisa kichwa. Subira yavuta heri, wanasema. Wanaosema hivyo hawajaona zile hesabu.

Ijumaa, 16 Februari
NIMEKUBALIWA PEMBERWICK! Mama kalia, kanikumbatia, kapika. Furaha imedumu dakika nne. Kisha nikakumbuka kiapo.

Maombi ya Aldermere nilipaswa kuyafuta mwenyewe. Ni kitufe kidogo tu. Ukikibonyeza kinakuuliza kama una hakika. Sikuwa na hakika. Nikabonyeza.

Ijumaa, 22 Machi
Ingrid kapata Aldermere, na ada wamemsaidia vizuri kuliko vyuo vyote vinne. Mama yake alimpa habari nje, Ingrid akiwa anazoa theluji. Akasema, “Ah, vizuri,” akaendelea na koleo. Miezi mitano amelala usingizi, anakula, anazoa theluji! Nimemtazama dirishani nusu saa nzima. Mtu kama huyu ameumbwa na nini?

Jumatano, 1 Mei
Leo wote wa mwaka wa mwisho tumevaa sweta za vyuo tunakokwenda. Ingrid hakuwa nayo. Wiki iliyopita alialikwa kukitembelea chuo, lakini dukani hakuingia. Kaja hadi kwenye kabati langu la vitabu shuleni.

“Thad, mama mmoja wa udahili kaniulizia kijana wa soseji. Jina lako walishaliweka kwa waliokubaliwa. Halafu ukajitoa.”

Nikanyamaza. Mara ya pili maishani.

Akaniomba sweta ya Aldermere kwa leo tu, maana mimi sina kazi nayo. Nikakataa.

Nimekaa chumbani nikatafakari kwa kina. Kosa langu liko wazi: nilichelewa. Sasa nimegundua Aldermere hupokea wanaohamia kutoka vyuo vingine. Dirisha lao linafunguliwa Agosti. Pemberwick sijaripoti bado, ni kweli. Ila fomu nimeshaijaza. Wanataka jina la profesa wa Pemberwick anayenifahamu vizuri. Nimemchagua mmoja kwenye tovuti yao, ana uso wa huruma.

Sweta ya Aldermere nimeshinda nayo ndani ya ile ya Pemberwick. Joto lilikuwa kali. Lakini mtu awe tayari.