Ukungu Uishe Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Kifua kinabana. Labda ni woga tu. Labda si woga!

Ndegwa hakuja kazini. Ndiye fundi wa mashine kubwa ya kuchonga chuma, ile iliyo karibu na meza yangu. Amekuwa akikohoa tangu Pasaka. Mkewe amepiga simu kusema daktari amempumzisha hadi Alhamisi. Daktari alimuuliza anavuta nini. Ndegwa akajibu havuti kitu. Daktari akamwambia basi anavuta kazi yake.

Kazi yake ni ukungu. Kulanti, yale maji meupe kama maziwa tunayomwagia chuma kisipate moto, hupigwa na chuma kinachozunguka yakarushwa hewani. Asubuhi karakana ni safi. Kufikia chai ya saa nne, kila taa ina duara la ukungu. Miaka yote hii nimeuvuta nikidhani ni vumbi la Nakuru. Meza yangu iko hatua chache tu kutoka kwa Ndegwa. Hatua chache!

Mchana Dharmesh, mwenye karakana, alituita ofisini. Wageni kutoka mitambo ya mvuke kule Olkaria wanakuja Ijumaa kutukagua. Wakiridhika, watatupa kazi ya kuchonga shafti za pampu. Hawapeleki kazi mahali ambapo mafundi wanakohoa. Kwa hiyo ukungu uishe kabla ya Ijumaa, na atakayeumaliza atakuwa meneja. Akisema hivyo alimtazama Namalwa.

Namalwa ni msimamizi mwenzangu, upande wa pili wa karakana. Ana diploma na sauti ya upole. Mimi watu wenye sauti ya upole huniogopesha.

Nikasema nina mpango. Sikuwa na mpango.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Kwa nini kuumaliza ukungu? Uhamishwe! Nilitoa feni kubwa stoo nikaielekeza dirishani. Ukungu ukatoka wote, mweupe, mtiifu. Nikavuta pumzi ndefu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Namalwa alikuwa amepiga magoti, anasafisha tangi la kulanti lililokuwa linanuka kama mayai mabovu. Amepunguza presha ya maji. Anakaza milango ya mashine zake. Amewakataza mafundi kufungua kabla ukungu haujatulia ndani, na kupuliza vyuma kwa hewa ya kompresa pia amepiga marufuku. Nilimwambia kufagia si uhandisi. Akatabasamu. Lile tabasamu limenikosesha chakula cha mchana.

Halafu Kanchan akaingia. Anatengeneza chevda, vile vitafunio vya kukaanga, upande ule mwingine wa ukuta, na sinia zake hupoa chini ya dirisha letu. Alikuwa amebeba sinia moja. Hakupiga kelele. Heri angepiga!

"Gachanja, onja."

"Auntie, nimeshiba."

"Onja."

Nikaonja. Ladha ya shafti iliyolowa kulanti. Alisimama akinitazama hadi nikameza, kisha akapanda ngazi kwenda ofisini. Nilikuwa nimesahau kwamba ni shangazi yake Dharmesh.

Feni imerudi stoo. Dharmesh amesema nikiharibu kitu kingine wiki hii, nitafute kazi kwingine.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwomba mke wangu Nyakio anisikilize kifua. Akaweka sikio, akasikiliza, akasema anasikia moyo unaokimbia kama mwizi. Mapafu je? Akasema mapafu hayasikiki kwa ajili ya moyo.

Nifutwe kazi, au nife? Au nifutwe kwanza halafu nife nyumbani Kaptembwo, Namalwa akitoa hotuba kwa sauti ya upole?

Woga umenipa akili. Ukungu ni maji. Kulanti ni maji. Ondoa maji, weka mafuta matupu! Mafuta ni mazito, yataruka vipi? Nimemwaga kulanti yote ya mashine kubwa na kujaza mafuta. Kisha, kwa usalama zaidi, nimeizungushia mashine yote karatasi ya nailoni ya kufunikia nyanya, ikawa kama hema. Fundi atakaa ndani. Wageni watakaa nje. Nje hakutakuwa na ukungu hata kidogo.

Namalwa alikuja akasema mafuta pia hurushwa hewani, na yakijaa mahali palipofungwa, chuma chenye moto kinaweza kuyawasha. Nikamwambia wivu si mzuri. Akaondoka. Akarudi na mtungi wa kuzimia moto, akauweka karibu na meza yangu. Mtu wa namna gani anamtishia mwenzake kwa mtungi?

Alhamisi, 6 Juni

Vidole bado vina mafuta. Naandika hivyo hivyo.

Ndegwa amerudi leo. Akalitazama hema langu. "Boss, nitapumulia wapi humo ndani?" Nikamwambia ni kwa siku mbili tu, avumilie. Akaingia. Ni mtu mzuri, haniulizi mara mbili.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Nailoni ilianza kuwa ya kijivu. Baadaye sikumwona Ndegwa, niliona kivuli tu. Nikamsikia akikohoa. Nikajiambia akikohoa tena nitamtoa. Akakohoa tena. Nikajiambia tena.

Halafu: "Boss, hii kitu inanuka moto!"

Hema likawaka rangi ya chungwa. Mara moja. Halikupiga kishindo, lilivuta tu pumzi kama mtu aliyeshtuka. Ndegwa akapiga yowe humo ndani.

Sitadanganya hapa, hakuna anayesoma. Nilisikia mtu akiita jina langu nikasimama kama nguzo. Namalwa alikuwa anakimbia kutoka upande ule akipaza sauti tuzime umeme. Mimi nikageuka. Nikageuka kukimbilia mlangoni! Lakini sakafu ilikuwa imejaa mafuta yangu. Nikateleza, nikaenda kinyumenyume, nikaichana nailoni kwa mgongo, nikamgonga Ndegwa, na wote wawili tukatokea upande wa pili.

Namalwa alizima mashine, kisha akamwaga mtungi mzima. Moto ukafa.

Ndegwa ameungua nyusi na sikio. Alinishika shati kifuani na hakuniachia hata gari la hospitali lilipofika. Alikuwa anasema asante. Asante! Nilitaka ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Juni

Karakana nzima inaniita shujaa. Mkewe Ndegwa ameniletea kuku mzima, hai.

Wageni walikuja. Upande wangu ulikuwa mweusi, umefunikwa turubai. Upande wa Namalwa mashine zilikuwa zinachonga na ukuta wa mwisho ulionekana wazi, hata kalenda yake. Wakakohoa? Hawakukohoa. Kazi tumepata, kwa sharti Dharmesh anunue mashine ya kunyonya ukungu. Amekubali. Namalwa ndiye meneja.

Jioni alinikuta natafuta koti. Akauliza kwa upole, "Uliteleza, sivyo?"

Nikasema sijui anazungumzia nini.

"Sawa," akasema. "Ndegwa yuko hai. Hilo tu."

Atamwambia Dharmesh lini? Kesho? Jumatatu? Sitalala.

Jumatano, 26 Juni

Bado hajamwambia. Haya ni mateso.

Mashine ya kunyonya ukungu imewekwa. Sanduku kubwa la chuma chini ya dari, mabomba yanashuka hadi kila mashine. Hewa ni kama ya mlimani. Ndegwa amerudi, analala vizuri, hakohoi. Kwa sababu ya ushujaa wangu, nimekabidhiwa niiangalie. Namalwa alinieleza kwamba vichujio vikijaa mafuta, taa nyekundu itawaka, nami niizime mashine nivibadilishe mara moja, la sivyo vitashika moto.

Leo baada ya chai ikawaka. Nyekundu kabisa! Ikionekana, watasema nimeshindwa hata na hili. Namalwa alikuwa anakuja.

Nikapanda ngazi haraka, nikaibandika taa plasta nyeusi.

Haiwaki tena. Tatizo limekwisha.