Chandarua cha Vifaranga Kilichohamishiwa Kitandani

Medard K. Mluge,
Fukayosi.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Vyandarua,

YAH: KUREJESHEWA CHANDARUA CHA BANDANI

Kwa heshima na taadhima nawasilisha malalamiko haya, madhumuni yake yakiwa kurudishiwa chandarua kilichoondolewa kwenye banda langu la kuku bila hati wala muhuri.

Kaya yangu ina watu watatu: mimi, mke wangu Bi. Gertruda, na mjukuu wetu Evelyn mwenye miaka minne. Kwa kanuni yenu ya chandarua kimoja kwa watu wawili, tulipewa viwili. Cha kwanza nilikihifadhi sandukuni ndani ya mfuko wake, kwa ajili ya wakwe wa mwanangu Kasian siku watakapotutembelea. Cha pili nilifunikia vifaranga. Mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa mtoto aliugua malaria mara mbili wakati wa masika.

Ndipo akaja mhudumu wenu wa afya, Bi. Mwanvita. Aliniamkia kwa adabu, nakiri. Kisha akakifungua chandarua bandani, akakifua, akakianika kivulini, akakifunga juu ya kitanda anacholala mtoto na bibi yake, huku akisema mbele ya majirani: "Babu Medard, kuku analala kama bibi harusi, mjukuu analiwa na mbu!" Majirani walicheka sana.

Hoja zangu ni hizi:

1. Tangu siku hiyo mwewe amebeba vifaranga wanne mchana kweupe, shahidi ni jirani yangu Bwana Kibwana. Mbu, kwa upande wake, sijapata kumwona akimbeba mtu katika miaka yangu sitini na minane. Kamati ipime yenyewe adui ni yupi.

2. Tangu chandarua kifungwe kitandani, Evelyn hajaugua hata siku moja. Hii inathibitisha kwamba malaria imekwisha nyumbani kwangu, hivyo chandarua kinaning'inia pale bila kazi.

3. Nilipotaka kukirudisha bandani, Bi. Gertruda alishika kiuno: "Baba Kasian, gusa hiyo neti uone! Kama unawahurumia sana kuku wako, kalale nao." Hajapata kunijibu hivyo tangu tufunge ndoa, ni dhahiri amefundishwa. Kwa kupinga jambo hilo, sasa nalala sebuleni kwenye mkeka, bila chandarua, kama mtu huru.

4. Kuku na vifaranga wake saba waliosalia ni wakazi wanane wa kudumu. Kwa kanuni yenu wanastahili vyandarua vinne. Jogoo sikumwombea, ili ionekane kwamba mimi si mlafi.

Kwa hiyo naomba Kamati iwaandikishe kuku wangu kuwa wanakaya, inipatie vyandarua hivyo vinne, na imhamishie Bi. Mwanvita mahali pasipofugwa kuku.

Wasalimieni wajumbe wote na familia zao, pamoja na mlinzi wa ofisi.

Ni mimi niliyedhulumiwa, lakini mwenye adabu zangu,
Medard K. Mluge

Nyongeza: Barua hii imekaa siku tatu bila kupelekwa kwa sababu mwandishi alishikwa na homa na baridi ya kutetemeka. Bi. Mwanvita alinitoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Akanipeleka zahanati akiwa amenishika mkono njia nzima, wala hakunicheka. Evelyn, ambaye ni mzima kabisa, aliniuliza: "Babu, mwewe alitaka kukubeba?"

Hoja ya kwanza hadi ya nne zifutwe. Ombi la uhamisho lichanwe. Vifaranga Bi. Gertruda amewafunika kwa tenga lake la zamani, na mwewe amekwenda zake. Chandarua cha wakwe nimekitoa sandukuni, ila mikono bado haina nguvu na kamba nne zimenishinda. Naomba uamuzi wenu leo kabla ya magharibi: Bi. Mwanvita aruhusiwe kuja kunifungia, ama asiruhusiwe?