Habari za Jodie Mgawa Viazi na Mnyororo wa Nyumba Tatu

Sogeeni, enyi wapangaji na wana wa wapangaji, enyi mliopata kulala kwa mama mkwe mkaamka shingo zimepinda! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, nyamazeni. Nataka kuwasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila chai ilimwagika, vita vilivyopiganwa katika mji wa Keighley, nchi ya Yorkshire, ambako nimekaa miaka ishirini na miwili na bado natoka na mwavuli mwezi wa saba. Nitamtaja shujaa kwa jina lake kamili asije mwingine akadai ni yeye: ni Jodie Hardcastle, mpishi wa shule ya msingi, Mgawa Viazi, Mwenye Upawa Usiotetemeka, aliyekuwa akiwanyamazisha watoto mia mbili wenye njaa kwa kukunja uso tu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiosha sahani, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Jodie huyo na mumewe Craig, Bwana wa Vigae, ambaye hakuna ukuta wa bafu uliowahi kumshinda, walikuwa wakiishi utumwani. Utumwa wenyewe ulikuwa chumba cha stoo nyumbani kwa Maureen, mama yake Craig, chenye kitanda cha mtu mmoja, meza ya kupigia pasi, na mti wa Krismasi wa plastiki uliosimama mwaka mzima kwa kuwa hapakuwa na pa kuulaza. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Maureen alipitisha mashine ya kufyonza vumbi koridoni, akiubamiza mlango wao mara tatu, huku akiimba kwa upole: "Hamnisumbui hata kidogo, wanangu! Kaeni mpaka mtakapochoka!" Walikuwa wamechoka tangu juma la pili.

Lakini ng'ambo ya mji, mtaa wa Holroyd, palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye mlango mwekundu, vyumba viwili juu, na choo ambacho Maureen hakukijua. Jodie aliiona mara moja akaipenda moyo ukamdunda. Bei ilikubaliwa, mawakili wakawekwa, barua ya mkopo ikatoka benki, na ikabaki jambo moja tu dogo, ambalo ndilo lililowala wengi kabla yake: mnyororo.

Maana sheria ya watu wale ni hii. Mwenye nyumba ya mlango mwekundu, Bwana Alastair Pounder, mwalimu mstaafu wa piano, hawezi kutoka mpaka apate pa kuingia, napo pa kuingia ni nyumba ya Bibi Noreen Sugden, mjane wa juu kilimani, ambaye naye anahamia kwa bintiye huko Scarborough. Wote watatu lazima wafunge mikataba na kuhama siku moja, na kabla ya siku hiyo yeyote anaweza kuamka asubuhi akasema nimeghairi, na hakuna wa kumshika. Wiki ishirini na sita zikapita. Jodie alipiga simu kwa wakili kila Jumatatu, na kila Jumatatu karani alimjibu kwa sauti tamu ileile, "Tunawasubiri walio juu yenu katika mnyororo."

Ikafika Jumanne ya msiba. Barua ilitoka benki, na ndani yake imeandikwa kwamba mkopo ule unakufa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na hautafufuka, kwa kuwa masharti yamebadilika na wao hawatafaa tena. Jodie aliisoma jikoni kwetu shuleni, akakaa juu ya gunia la viazi.

"Basi," alisema, machozi yakimlenga. "Nitazeeka chini ya ule mti wa Krismasi."

Kisha akainuka, na wallahi naapa, alikuwa mrefu kuliko kabla hajakaa! Akavua aproni, akampigia Craig simu, akanena maneno ambayo wazee wa mji ule hawakupata kuyasikia: "Naenda kuwagongea mlango."

"Kugonga?" Sauti ya Craig ilikatika. "Mlango wa mtu? Hujaalikwa, hujaandika barua? Jodie, mke wangu, watatuonaje?"

"Watatuona tumeloa. Njoo na koti."

Wakapanda mtaa wa Holroyd katika mvua, wawili, bila jeshi. Mbele ya mlango mwekundu Craig alitaka kurudi mara mbili, na Jodie akamshika mkanda mara mbili. Akagonga. Mlango ukafunguka, akasimama Bwana Pounder, Mwenye Vidole Kumi Vitiifu, amevaa tai nyumbani kwake, peke yake.

"Loo! Samahani sana," akasema, kama kwamba yeye ndiye aliyewagongea. "Ingieni, ingieni. Nisameheni fujo."

Wakaingia, wakashangaa. Nyumba ilikuwa tupu! Maboksi yamepangwa hadi dari, piano imevikwa blanketi na kufungwa kamba, zulia limekunjwa. Mzee alikuwa amebakiza birika na kikombe kimoja. Kikombe akampa Jodie, chai ya Craig akaitia katika bakuli la sabuni alilolisuuza kwanza, na yake akainywa kwenye chombo cha maua.

"Umefunga vitu lini, Bwana Pounder?" Jodie akauliza.

"Pasaka."

"Pasaka! Na leo ni mwezi wa tisa!"

"Sasa ningefanyaje, mwanangu? Bibi Sugden ni mjane. Nimwambie mjane atoke kwake upesi? Nilimwandikia wakili kwamba hakuna haraka kabisa kwa upande wangu."

Jodie akaweka kikombe chini taratibu. "Vaa kofia," akasema. "Tunakwenda kilimani."

Jeshi sasa likawa la watu watatu, na kilima kile ni kikali, na Bwana Pounder aliomba radhi kwa kila gari lililowarushia maji. Wakafika. Wakagonga. Bibi Sugden, Malkia wa Kilima, mfupi, mwenye macho makali, akafungua, na nyuma yake, enyi wasikilizaji, nini kilionekana? Maboksi! Hadi dari!

"Tangu mwezi wa nne," akakiri, akifuta kiti pekee kwa kitambaa. "Nakula kwa kijiko kimoja kama mfungwa. Binti yangu kila siku, mama unakuja lini, mama unakuja lini. Lakini niliambiwa mnunuzi wa chini kabisa katika mnyororo hana haraka, nikasema basi, vijana wa watu, wasije wakadhani bibi huyu anawasukuma."

"Mnunuzi wa chini kabisa?" Bwana Pounder akauliza. "Ni nani huyo?"

Craig akatazama viatu vyake. Jodie akawa mwekundu kuanzia shingoni, maana ilimjia, yote, kwa mkupuo mmoja: mwezi wa tatu, karani wa wakili akiuliza kwenye simu, mna haraka yoyote? Naye, amejibana kitandani, kiwiko cha Craig kikiwa mbavuni mwake na tawi la plastiki likiwa sikioni, alijibu kama mama yake alivyomfundisha na nyanya yake kabla ya mama: "Aa, wala! Hatuna haraka hata kidogo." Neno hilo likapanda mnyororo mzima, likashuka, na kwa wiki ishirini na sita watu watatu wakakaa juu ya maboksi wakistahiana.

Adui alikuwa yeye mwenyewe. Mwingine angeomba radhi akatoka, na kwao hilo lingesifiwa kuwa ni adabu. Lakini Mgawa Viazi alisimama katikati ya sebule ile tupu.

"Bibi Sugden," akasema. "Bwana Pounder. Mimi ndiye. Na nilidanganya. Nalala kitanda cha mtu mmoja na mwanaume anayepiga mateke. Mkopo wangu unakufa Ijumaa. Naitaka nyumba ile mpaka naiota. Mimi..." Akakanyaga sakafu kwa kishindo. "Mimi nina haraka!"

Bwana Pounder alishika ukuta. Bibi Sugden akaketi.

"Kumbe," akasema hatimaye, polepole, "mtu anaweza kulisema hivyo hivyo tu?"

"Inauma kidogo," Jodie akasema.

"Ngoja nijaribu. Mimi nina haraka." Akacheka kama msichana. "Nina haraka sana! Alastair, na wewe!"

"Samahani," alisema mzee, amefumba macho, "nami ninayo."

Wakapiga simu kwa mawakili watatu, wakinyang'anyana simu moja, wakipaza sauti neno lile mpaka makarani wakauliza kama kuna moto. Jumatano wakasaini, Alhamisi karatasi zikazunguka, na Ijumaa, saa sita na dakika kumi mchana, simu ya Jodie ikalia: mikataba imefungwa, fedha zimefika, nenda kachukue funguo.

Kwenye mlango mwekundu alisimama Bwana Pounder, piano iko garini, funguo mkononi. Aliitazama sebule alimofundishia miaka thelathini, akapapasa fremu ya mlango.

"Mnisamehe," akasema. "Nilitaka kuiaga kidogo. Nawachelewesha?"

Nami niliyekuwapo kuwasaidia kuhama, nimebeba ule mti wa Krismasi, niliona hatari kwa macho yangu. Nilimwona Jodie akilainika uso, nikaona kinywa kikifunguka, na adabu ya mama na nyanya ikipanda kooni: "Hapana, hapana, wala hakuna ha—"

Craig akamziba mdomo kwa kiganja.

"Dakika tano, Bwana Pounder," akasema Bwana wa Vigae, mtu ambaye hakuwahi kurudisha hata supu baridi hotelini. "Tano. Kisha tunaingia."

Mzee akatumia tatu. Funguo zikatua mkononi mwa Jodie, mlango ukasukumwa, naye akaingia kwake, akaenda moja kwa moja chooni, akajifungia, na akakaa humo nusu saa nzima bila mtu kubisha. Na iandikwe hivyo, na wasomewe watoto wa Keighley.