Chuo cha Theluji cha Bwana Tolley

Bwana Crispin Tolley hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ghorofa ya juu ya basi. Hata hivyo, Jumamosi moja ya Septemba mwaka 1994, akiwa amejibanza kwenye mgahawa wa kilima cha brashi nje ya mji wa Kettering ili mvua isimpate, aligundua kwamba yeye ni mtaalamu wa milima.

Kilima cha brashi ni mambo ya Waingereza. Theluji ya maana hawana, hamu ya theluji wanayo. Basi wamechukua kilima, wakakitandika brashi ngumu za plastiki toka juu hadi chini, na juu ya brashi hizo wanateleza na skii, zile mbao ndefu nyembamba, miguuni, mvua ikinyesha, wakiwa na nyuso za watu walio kanisani. Mtu akianguka anachunwa kama karoti. Anainuka, anamwomba radhi aliye nyuma yake, anarudi kwenye foleni.

Meza ya pili aliketi Bi Garside na binti yake Bryony, msichana wa miaka kumi na minane aliyefungwa bendeji kidole gumba.

"Mwaka mmoja tu, mama," Bryony alikuwa akisema. "Msimu wa theluji ukiisha narudi, naingia chuo kikuu, nasomea hizo sheria zako mpaka nizeeke."

"Ufaransa utafanya kazi gani? Wewe yai la kuchemsha linakushinda."

"Kuna nyumba za wageni mlimani, zinataka watumishi. Unatandika vitanda, unapika, unaoka keki ya saa kumi. Katikati ya hapo ni wewe na skii zako. Wenzangu watano wanaenda."

"Na nani atakuajiri bila mafunzo?"

Hapo sikio la Bwana Tolley likasimama. Alivuta kiti kama daktari anayekwenda kumpa mtu majibu yake.

"Samahani kwa kuwaingilia," alisema. "Mama anasema kweli. Bila cheti hakuna anayeajiriwa. Wafaransa wamekaza sana siku hizi."

"Cheti gani?" aliuliza Bi Garside.

"Cheti cha Nyumba za Mlimani, daraja la kwanza. Mimi ndiye ninayekitoa kwa Uingereza nzima. Isipokuwa Wales. Wales siruhusiwi."

Msomaji, tumvulie kofia. Tapeli mchanga angedai dunia yote. Bwana Tolley aliiacha Wales nje, na ni kwa ajili ya Wales Bi Garside alimwamini. Mtu anayekiri mipaka yake, alijiambia mama huyo, hawezi kuwa mwongo.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ambayo Bwana Tolley aliachiwa na shangazi yake marehemu, pamoja na uchafu wa miaka saba. Wanafunzi walikuja sita, kila mmoja na ada yake mkononi. Bryony aliipata ada hiyo kwa kunyonyoa bata mzinga kwenye mashamba ya watu likizo mbili mfululizo, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kusimama juu ya theluji ya kweli kabla maisha hayajamfungia ofisini. Alikuwa na mwaka huo mmoja tu, na aliukabidhi kwa Bwana Tolley.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya usafi. Waliosha madirisha, wakasugua ngazi kwa magoti, wakatoa majani yaliyooza kwenye mifereji ya paa kwa sababu, alieleza mwalimu, theluji huziba mifereji. Wiki ya pili walichimba viazi vyake vyote bustanini ili wazoee ardhi ngumu. Wiki ya tatu walipaka rangi choo.

"Choo kinahusiana vipi na skii, Bwana Tolley?" aliuliza kijana mmoja, Giles Overbury.

"Mwinuko, kijana. Mwinuko unakula rangi."

Giles aliona aibu kuuliza zaidi. Watu wa kwao hufundishwa tangu utotoni kwamba swali la pili ni utovu wa adabu, na juu ya msingi huo imara Bwana Tolley alijenga elimu yake yote. Yeye mwenyewe alikuwa Mgeni wa Mfano. Alilala kwenye kochi na joho la kuogea, akapiga kengele, akalalamikia supu. Saa kumi kamili aliletewa keki. Alinenepa, akaanza kupenda ualimu.

"Na Kifaransa je?" Bryony alimwuliza siku moja akimwekea mto mgongoni.

"Nakisoma kama gazeti, binti. Kuna siku naota kwa Kifaransa, inabidi asubuhi nijitafsirie."

Mwisho wa mafunzo kila mmoja alipewa cheti kizito chenye muhuri wa dhahabu na picha ya mbuzi juu ya jabali. Bryony, ambaye Kifaransa alikisoma shuleni na akakiweza kweli, alikipiga nakala na kumwandikia Madame Ruchet, mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Montbrelin. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, wanafunzi wakiwa bado wanamtumikia Bwana Tolley kwa jina la mazoezi.

"Binti," aliandika Madame, "cheti chako nimekiwekea sufuria ya moto juu yake. Hakuna kitu kama hicho popote, na mbuzi wako ni wa kwenye karatasi ya chokoleti, namfahamu, namnunua kila Ijumaa. Ila barua yako imeandikwa na mtu mwenye akili. Nikueleze ukweli. Mpishi napata kila kona. Anayenitesa ni muosha vyombo. Yeye peke yake hana mchana wa kuteleza, kwa hiyo kila mwaka ananikimbia mwezi wa kwanza. Niletee muosha vyombo atakayetia sahihi mkataba huu niliouambatisha na kukaa mpaka Pasaka, na kazi ya upishi ni yako. Ukija bila yeye, usije."

Bryony alijifungia ndani ya choo alichokipaka rangi mwenyewe, akalia robo saa. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akawauliza wenzake mmoja mmoja kama kuna atakayekubali kuosha sufuria miezi minne bila kuteleza. Wote walimwomba radhi kwa upole, wakakataa.

Alirudi sebuleni kuchukua mkoba wake, akamwona Bwana Tolley amejinyoosha kwenye kochi, mzima wa afya, mikono miwili, kazi hana. Akauacha mkoba, akavuta kiti.

"Bwana Tolley, Wafaransa wamejibu."

Mwalimu alikohoa keki. "Wamejibu nini?"

"Madame amekishika cheti chako kwa mikono yake. Anasema hajapata kuona kitu kama hicho popote."

"Ee." Alikaa sawa. "Wana macho hao."

"Ameniandikia nikupeleke kule. Yaani anasema kama nikienda bila wewe, nisijisumbue kwenda. Kazi yako ndiyo inayomtesa, watu wa kazi hiyo hawakai. Anatoa chumba na chakula mpaka Pasaka."

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa kuna ufundi. Ukiondoa lile neno "wewe", kwa kuwa Madame alikuwa hamjui Tolley bado, hakuna neno la uongo hapo. Bryony alimvisha kilemba cha ukoka kilichofumwa kwa ukweli mtupu, na mtu aliyezoea uongo hana kinga dhidi ya kitu hicho. Bwana Tolley tayari aliona kijiji kizima cha Wafaransa kimejipanga, kila mwenye nyumba akitaka watumishi wenye cheti, na yeye katikati na joho lake.

"Na cheo changu kinaitwaje?"

"Kimo kwenye mkataba. Huu hapa, kurasa mbili. Nikutafsirie?"

"Binti, usinitukane."

Alivaa miwani, akausoma mkataba wote polepole, akitikisa kichwa kila alipofika kwenye nukta. Ukurasa wa pili aliguna kidogo kama mtu aliyekuta kipengele kigumu lakini cha haki.

"Ndivyo nilivyotegemea," alisema, akatia sahihi.

Walisafiri kwa basi toka London kwa muda wa saa ishirini na mbili, Bwana Tolley akiwa amevaa kofia ya manyoya na kuwaeleza abiria majina ya milima, mingi ikiwa mawingu. Walifika Montbrelin mchana wa Desemba. Madame Ruchet, mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpa mkono. Hakumwangalia usoni. Aliugeuza ule mkono, akautazama kiganja, akaridhika. Halafu akamzungushia aproni ya mpira na kumfungia mwenyewe kwa nyuma.

Jikoni kulikuwa na sufuria thelathini na moja zilizogandiwa na jibini la jana.

"Hapa pana kosa," alisema Bwana Tolley.

"Hapana," Bryony alisema. "Mkataba uliusoma mwenyewe. Mstari wa kwanza kabisa, Muosha Vyombo, kwa herufi kubwa."

Aligeuka mwekundu, kisha mweupe. "Umenipiga changa la macho. Mimi. Mtoto mdogo kama wewe."

"Nilitaka kukutafsiria."

"Basi la kurudi linaondoka lini?"

"Saa tisa na nusu. Liko pale nje."

Ilikuwa saa tisa na robo. Madame alikuwa amesimama mlangoni, na ingawa Kiingereza hakukijua, kuvuliwa kwa aproni alikuelewa. Alimwonyesha Bryony kwa kidole: huyu akipanda basi, na wewe panda. Dirisha la jikoni lilitazama mlima. Ulikuwa pale mzima, mweupe, umejaa watu wadogo wanaoshuka. Bryony aliuangalia, na ukweli aliokuja nao ulikuwa umekwisha wote.

"Nenda salama basi," alisema. "Utawasalimu akina mama."

"Akina mama gani?"

"Mama yangu na wa wale wengine. Wamejua habari ya cheti. Wameunda kamati."

Bwana Tolley aliacha kuvuta kamba ya aproni. "Kamati ya namna gani?"

"Ya kawaida. Kuna mwenyekiti, kuna katibu wa kuandika muhtasari. Watakupokea kituoni. Usiogope, hakuna atakayekupigia kelele. Wanataka tu uwaeleze yaliyotokea, taratibu, kwa maneno yako mwenyewe. Mama atakuja na chai kwenye chupa. Bi Overbury ataleta kiti chako."

Polisi Bwana Tolley aliwamudu. Polisi hufoka, nawe unafoka, mnamalizana. Lakini kuketishwa kwenye kiti cha kukunja mbele ya wanawake sita wa Kettering wenye sauti za chini, wakimwambia kwamba hawajakasirika, wamesikitika tu, na je, sukari anaweka kijiko kimoja au viwili? Aliwaza jambo hilo mpaka mwisho, na jasho likamtoka kwenye kijiji cha barafu.

Kamati haikuwepo. Ulikuwa uongo wa kwanza wa Bryony na hakupata kuhitaji mwingine. Saa ileile Bi Garside alikuwa sebuleni kwake anafuta vumbi kwenye fremu ya cheti, akimweleza jirani habari ya Wales.

Basi lilipiga honi. Likapiga tena. Bwana Tolley alivua kofia ya manyoya, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati.

"Anakaa?" aliuliza Madame kwa Kifaransa.

"Anakaa."

"Lifti ya kupandia mlimani inafungwa saa kumi na nusu. Keki ya leo nimeoka mwenyewe. Toka hapa."

Bryony alipata nusu saa ya mlima. Alianguka mara kumi na moja, kwa mgongo, kwa ubavu, mara moja kwa kichwa, na hakuchunwa hata mahali pamoja. Theluji ilimpokea, ikamwingia kwenye kola, ikayeyuka shingoni. Mara ya kumi na moja alibaki amelala chali akicheka peke yake, mpaka mtu wa lifti akaja kumwuliza kama amevunjika. Alikuwa na furaha, basi, hakuna neno lingine la kuiita.

Alirudi na mashavu mekundu, akala supu mara mbili amesimama, akalipeleka bakuli lake chafu jikoni. Bwana Tolley alikuwa amezama kwenye povu mpaka viwiko. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma tu, akalipokea.

"Asante," alisema, kwa kuwa Mwingereza akikabidhiwa kitu, kiwe chochote, hushukuru kabla hajatazama ni nini. Halafu akatazama.