Marufuku ya Ful

Jumapili, 30 Novemba. Cairo.
Habari njema! Bi Gihan, mkurugenzi, kaniita asubuhi. Mfumo wetu wa kompyuta wa kupangia wagonjwa miadi ukifanya kazi Alhamisi mbele ya wateja, ukuu wa tawi la Aleksandria ni wangu. Ila atawauliza pia mafundi wangu kama wana furaha. Furaha! Kwani tunaandaa harusi? Hawa wanne kila saa nne hutandika gazeti mezani, wakazunguka bakuli moja la ful, wakachovya mkate kwenye maharage hayo na kupiga soga. Marufuku kuanzia leo. Badala yake nimegawa fomu: Una furaha kiasi gani?

Jumatatu, 1 Desemba.
Kila mtu kala mezani pake. Kimya. Raha mustarehe! Fomu nne zimerudi, zote "Nina furaha sana", zote kwa mwandiko wa mmoja wao, Inas. Sikuuliza. Furaha ni furaha.

Jumanne, 2 Desemba.
Balaa! Mfumo umewapa wagonjwa wawili daktari mmoja, muda uleule. Kumbe Inas aliliona kosa tangu Jumapili, na Wagdi, anayekaa nyuma yake, alijua dawa yake. Nikafoka: mbona hamkuambiana? Inas akanijibu taratibu, "Bosi, hayo huwa tunaambiana kwenye ful."
Imeniuma, nakiri. Miaka minne wananikaribisha kila asubuhi, nami kila asubuhi nina kazi.

Jumatano, 3 Desemba.
Nimejirekebisha kwa kishindo! Nimeleta ful inayoogelea samli, na mayai, na basturma, nyama kavu ya viungo. Nikawaamuru wafurahi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wagdi ni Mkristo wa Kikopti, yumo kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi. Samli, mayai na nyama hagusi. Wenzake Waislamu nao wakagoma kula huku yeye akitazama. Inas akaninong'oneza: "Ulidhani kwa nini ful yetu hatutii samli?" Sikudhani chochote. Miaka minne!
Wakaenda kununua ya kwao, wakaila ngazini. Vicheko vyao vilinifikia hadi ofisini. Kufika adhuhuri, kosa limekwisha.

Alhamisi, 4 Desemba.
Mfumo umekwenda vizuri ajabu. Bi Gihan akawauliza mafundi nini kiliwasaidia. Wagdi akasema, "Ngazi." Wote wakacheka, hata Bi Gihan.
Aleksandria kapewa Inas. Kaomba kuondoka na wenzake wote watatu, kakubaliwa. Mchana wakatandika gazeti kwa mara ya mwisho. Wagdi akaja mlangoni kwangu: "Njoo uchovye, bosi, inapoa hiyo." Nilitaka kwenda. Mungu anajua nilivyotaka. Nikamwambia nina kazi.
Na kweli nilikuwa nayo. Timu mpya inaingia Jumapili, na tangazo lao lilikuwa halijakamilika: Ni marufuku kula ngazini.