Mtutu Mnyofu, Nguruwe Mzima

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Nanyamba.

Nguruwe kala tena! Lile dume lenye meno ya nje. Kafukua mihogo upande mzima wa bondeni, kaacha mashimo matupu. Nilikuwa juu ya dungu la kulindia shamba alfajiri, nikampiga. Nikakosa. Akaniangalia, akaendelea kutafuna. Mshenzi!

Kosa si langu. Gobore la marehemu baba mtutu wake umechoka, unatupa risasi kushoto. Miaka yote nalenga kulia ili nipate kushoto, na nilikuwa napata. Sasa umezidi kuchoka, haupati chochote.

Mjomba Abdallah akaja kutazama shamba. Huyu ni mjomba wa mke wangu Rehema, na hapa yeye ndiye mwenye kauli. Mimi ni mkwe tu, nimeoa nikajenga kwao kama desturi yao inavyotaka. Akasema mbele ya watu kwamba mkwe asiyeweza kulinda mihogo ya mke wake akunje mkeka wake arudi kwa mama yake. Kanipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mbele ya watu!

Isihaka alicheka mpaka akakohoa. Huyu ni mwanyumba wangu, kaoa dada yake Rehema. Yeye na gobore lake la mtutu mrefu wenye pete za shaba, ambalo nalo linatupa kushoto, na tangu alinunue hajaua hata kanga.

Jumatano, 6 Agosti. Mikindani.

Nimekuja na lori kwa Fundi Bakari, atengenezaye bunduki. Nikamwambia nataka mtutu unaopiga sawasawa, tena mrefu, tena wenye pete za shaba kuliko za Isihaka. Akasema pete haziui nguruwe. Jeuri!

Akatoa mitutu yake yote. Akapitisha uzi ndani ya kila mmoja, akauvuta, akaniambia nichungulie. Kisha nichungulie tena nikielekea mwanga. Katika ile mizuri ya kupendeza, miduara ya mwanga ilikwenda upande. Katika mmoja ilikaa ndani kwa ndani, kama sahani zilizopangwa; huo ndio mnyofu, akasema. Mfupi, mweusi, sura mbaya. Akaubana kwenye jiriwa, akapiga kifuu cha nazi. Akapiga kingine. Vyote vikapasuka. Basi nikauchukua, akaufunga kwenye gobore la baba, roho inaniuma kwa zile pete.

Nimemlipa kwa mbuzi wa Rehema. Rehema nimemwambia nampeleka kwa beberu. Si uongo, Fundi Bakari ana beberu.

Wakati natoka, fundi akanifuata mpaka barazani kuniambia mtutu huu unakwenda pale unapoutazamisha, niache mazoea ya zamani, nilenge kitu chenyewe. Kunifundisha mimi kulenga! Mimi!

Ijumaa, 8 Agosti. Nanyamba.

Siku mbaya. Baada ya sala niliwakusanya watu waone. Nikaweka papai juu ya kisiki. Nikalenga kama ninavyolenga siku zote. Mlio mzuri, moshi mzuri. Papai likabaki limekaa. Mtungi wa mama mkwe, uliokuwa kulia kando ya jiko, ukawa vigae.

Nikakimbilia migombani. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake, seuze mkwe aliyemvunjia mtungi. Ikabidi radhi niiombe kupitia kwa Rehema. Akaipeleka huku anacheka, akarudi na jibu: mama anasema mtungi hauli mihogo.

Isihaka akauliza kwa sauti kama kuku wafungiwe. Jioni Rehema akaniambia kwamba risasi ilikwenda palepale nilipokuwa naelekeza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akaona. Nikamwambia mambo ya bunduki aniachie mimi. Akaniuliza mbuzi ameshapandwa? Nikasema mambo hayo hayana haraka.

Jumapili, 10 Agosti.

Alfajiri dume likaja lenyewe, likasimama ubavu mbele ya dungu. Karibu kabisa! Bismillahi, nikalenga kulia kidogo, kama baba alivyonifunza. Risasi ikaenda kulia kidogo. Nimekata mkorosho mchanga wa Mjomba, alioupanda kwa mkono wake.

Fundi Bakari mwizi! Kaniuzia mtutu mkaidi. Mtutu wa baba ulikuwa unajua ninachotaka. Huu unafanya ninachouonyesha tu.

Jumanne, 12 Agosti.

Nimepata njia! Nimemwendea Isihaka kwa upole, nikamsifia mtutu wangu. Nikasema mimi nimeuchoka, mimi ni mtu wa mapambo, tubadilishane. Akakubali upesi mpaka nikamwonea huruma. Tukabadilishana palepale. Sasa pete za shaba ni zangu, na kushoto kwangu kumerudi. Mjinga yule! Nimekula ugali vizuri, mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nilikuwa bado mkekani nikijiandaa. Nikasikia mlio. Mmoja tu.

Dume limelala katikati ya mihogo ya Rehema, risasi ya Isihaka katikati ya macho. Tena kwa mtutu wangu! Kijiji kizima kikaja. Hakuna wa kumshika najisi yule, ikabidi lichimbwe shimo, avutwe kwa kamba. Mjomba akatazama huku na huku, akasema nichimbe mimi, kwa kuwa nguvu zangu hazijatumika. Nikachimba! Isihaka kasimama ukingoni anawasimulia watu kwamba mtutu ule hauna kazi ngumu, ni kulenga tu kitu chenyewe. Nusura nimzike yeye.

Ijumaa, 15 Agosti.

Mjomba hakubadili neno. Shamba atalilinda Isihaka. Mkeka nimeukunja mwenyewe, sikutaka anikunjie mtu.

Rehema kanisindikiza mpaka barabarani. Kalia. Na mimi nimelia, nyuma ya mkorosho, asione. Nampenda mwanamke huyu, na hasira yote hii ni kwa sababu hiyo. Akasema niende nikajifunze kulenga mbele, nikiweza nirudi, yeye ananingoja, kwa Mjomba atanisemea yeye. Akasema pia nisimsahau mbuzi.

Jumatatu, 18 Agosti. Mikindani, kwa mama.

Nimeshinda! Leo asubuhi nimejaribu mtutu wa shaba. Mpapai wa mama una mapapai mawili makubwa. Nikalenga la kulia. La kushoto likaanguka, pu! Kwa risasi ya kwanza!

Tazama sasa nani alikuwa na kosa. Mama akasema kwa nini nisichukue bunduki iliyonyooka nikalenga lile ninalolitaka. Mama yangu mzazi! Nimemwambia maneno kama hayo ndiyo yaliyoniharibia ndoa.

Kesho napanda lori kwenda Nanyamba na papai lenyewe mkononi, Mjomba alione. Nimepita pia kwa Fundi Bakari. Ngozi ya yule mbuzi imewambwa ukutani. Rehema nitamwambia bado hajamkubali beberu.